Soksi ya Pili

Sikuwa na subira. Sikuwa na vidole vyembamba, na miwani yangu ya kusomea ilikuwa na mkono mmoja tu. Sikuwa na kiti ninachoweza kukikalia zaidi ya robo saa bila mgongo kunung'unika. Sikuwa na mwalimu mpole. Sikuwa na muda, maana mfuko wa barua za mbali hufungwa posta Ijumaa saa sita mchana, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Na sikuwa na neno la kumwambia binti yangu wa mwisho, ambaye kwa miezi kumi na mmoja hakuwa amenipa zaidi ya maneno manne kwenye simu: "Shikamoo baba. Mama yupo?"

Nilichokuwa nacho ni soksi moja ya mtoto mchanga, nyeupe kama maziwa, iliyofumwa na mke wangu, na uzi wa kutosha kufuma ya pili.

Mke wangu alikuwa ameteleza uani Jumapili asubuhi akianua nguo, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali wakamfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, wakamwambia wiki sita. Binti yetu huko alikoolewa alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue, tena mtoto wa kwanza.

Jirani yetu fundi nguo, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Cherehani, alikuja kutoa pole. Hakumaliza hata chai.

"Nipe hiyo soksi, dada. Jioni nakuletea imekwisha."

"Asante, mdogo wangu," mke wangu akamjibu. "Ila vya mtoto wa nyumba hii huanzwa na kumalizwa humu humu ndani. Mama yangu hakutoa uzi nje, na mimi sitoi."

"Sasa amalize nani? Nyumba nzima mko wawili."

Wote wawili wakanigeukia mimi.

Nilifanya kazi ya ufundi wa simu miaka thelathini na mmoja. Nilianza kama mchimba mitaro ya waya, sijui hata kusoma barua ya kazi yangu mwenyewe. Miaka sita nilikwenda shule ya jioni na matope yangu kwenye viatu, nikatoka na cheti, nikapandishwa kuwa fundi wa viungo vya waya, kisha msimamizi wa mafundi wanane. Kwa hiyo binti yangu alipoacha chuo cha uhasibu akiwa mwaka wa mwisho akaenda kufungua saluni, niliona kama kanifutia miaka yangu sita. Nikamwambia, mbele ya mchumba wake na mbele ya mashangazi zake, kwamba nimesomesha mikono ya kuchezea nywele za watu. Alikusanya vikombe, akaviosha, akaondoka. Harusini alinipa mkono kama anavyopewa mgeni rasmi. Tangu hapo ni yale maneno manne.

Jumatatu mchana mke wangu alinikalisha dirishani, akaanza kunifundisha kwa kidevu, maana mkono mmoja ulikuwa kifungoni na wa pili hauna akili hiyo.

"Ingiza sindano. Zungusha uzi. Vuta. Dondosha. Haya, tena."

Niliandika kwenye daftari: vitanzi thelathini na sita, mistari arobaini. Soksi hufumwa bapa kwa sindano mbili, halafu hushonwa ubavuni, na mimi kazi yenye namba hainitishi. Nikaingiza, nikazungusha, nikavuta. Kila kitanzi nilikikaza mpaka nikaridhika nacho. Mstari wa tatu sindano ikagoma kuingia. Nikailazimisha. Ikapiga kelele ya chuma juu ya chuma.

"Mzee, unafuma au unafunga mzigo wa kuni?"

"Nakaza."

"Nani kakwambia ukaze?"

"Kiungo kikilegea, mtu hasikiki upande wa pili."

"Soksi hii haipigiwi simu," akasema. "Legeza."

Nililegeza kadiri ninavyojua mimi kulegeza. Jumanne alasiri nikamaliza mstari wa arobaini, nikashona ubavu, nikailaza mezani kando ya ile ya kwanza. Ilifika nusu yake. Nilihesabu vitanzi kwa sauti, mara mbili, na kila mara hesabu ilitoka sawa. Mke wangu akaivisha kwenye kidole gumba cha mkono wake mzima.

"Imenienea," akasema.

"Hesabu ni ile ile."

"Hesabu sijaisema mimi. Nasema mkono unaokaza."

Nikaifumua. Kufumua ni kubaya kuliko kufuma, kwa sababu kunakwenda haraka. Siku mbili za mtu mzima ziliisha nikiwa bado sijameza mate. Niliinuka nikaenda kuukaza mfereji wa jikoni, ambao haukuwa unavuja. Nikafunga dirisha, nikaona joto, nikalifungua. Nikarudi kitini, nikaanza tena vitanzi thelathini na sita.

Jumatano simu ikalia nikiwa na uzi umejizungusha vidoleni. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo baba. Mama yupo?"

"Marahaba," nikasema. Nilitaka kuongeza kitu. Niliangalia ukuta, nikaangalia kalenda. Kimya kile nilikifahamu. Miaka yote kazini nilikuwa nikikisikia kwenye waya, nikajua pande zote mbili kuna mtu. "Yupo," nikasema.

Nikampa mama yake, nikasimama mlangoni.

"Si kitu, mwanangu, nimeteleza kidogo tu," mke wangu akawa anasema. "Soksi? Zinakuja. Zote mbili." Akaniangalia. Nikampungia mkono kwa nguvu, kwamba asiseme. Uzi ukaning'inia kwenye kiwiko changu kama nimetoka kunaswa na mtego. Hakusema. Alipokata simu akauliza:

"Kwa nini hutaki ajue?"

"Zifike kama zako."

"Hazitafika kama zangu. Mkono wangu anaujua tangu hajaota meno."

"Basi nitafuma mpaka ufanane."

"Kwa siku mbili," akasema, akaenda zake kulala kidogo, maana dawa za maumivu zilikuwa zikimlevya.

Hapo ndipo utulivu uliponitoka kabisa. Nilifuma nimesimama. Nilifuma nikizunguka meza. Nilifumua Jumatano jioni, nikafumua tena Alhamisi mchana, na uzi ukaanza kuota manyoya kwa kushikwashikwa. Mama Cherehani akipita dirishani na nguo za wateja begani hakuniacha salama.

"Shemeji, umefika kisigino?"

"Nimefika mara tatu."

Ijumaa saa tatu asubuhi soksi ya nne ilikuwa imeshonwa. Safari hii ilipungua upana wa kidole kimoja. Ungeiona peke yake ungesema ni soksi. Ukiiweka na mwenzake, unaona watu wawili tofauti wamefuma, mmoja anajua na mmoja amekasirika.

Mke wangu alikuwa anaoga. Nikaitia soksi mfukoni, na uzi uliobaki, nikavuka njia.

Mama Cherehani aliacha kukanyaga cherehani yake akanitazama mfuko.

"Leta," akasema. Hakuuliza kitu. "Saa mbili zinanitosha. Nitafuma mkono wa dada mpaka yeye mwenyewe asijue. Na binti hatajua."

Nilikwisha kuuingiza mkono mfukoni. Posta ingekuwa bado wazi. Zingefika soksi mbili zinazolingana, nzuri, kutoka kwa mama yake na kwa jirani. Binti yangu angezivisha, angempigia mama yake kumshukuru, na mimi ningeitika shikamoo yangu na kusema yupo. Hakuna hata kitanzi kimoja ambacho kingekuwa kimetoka kwangu.

"Nilikuja kuomba gundi," nikasema.

"Gundi ya soksi?"

"Ya bahasha."

Akanipa kichupa huku anacheka kwa mabega.

Nyumbani nikakaa kuandika. Barua ya kwanza niliipa kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa cha habari: YAH: SOKSI ZA MTOTO. Mke wangu aliisoma begani kwangu, maji bado yanamtiririka shingoni.

"Unamwandikia mwanao au mkuu wa wilaya?"

Nikachana. Ya pili niliiandika hivi:

"Mwanangu, soksi kubwa ni ya mama yako. Ndogo ni yangu. Mama yako amevunjika mkono, si kuteleza kidogo kama alivyokwambia, lakini anaendelea vizuri. Nimefuma siku tano na hii ndiyo iliyotoka bora. Mikono yako niliisema vibaya mbele za watu. Sikujua kazi ya vidole ilivyo. Nilikosea. Baba yako."

Mke wangu akaishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza kwenye mwanga.

"Neno 'nilikosea' umeliandika dogo sana."

"Linasomeka?"

"Linasomeka."

Saa tano na nusu nilikuwa kwenye foleni ya posta, bahasha haijafungwa, kwa sababu nilitaka kuisoma barua tena, na niliisoma tena mara mbili. Mbele yangu watu watatu, kisha wawili. Mara mbili nilitaka kutoka kwenye foleni nikaandike upya. Nyuma yangu mtu akawa ananisukuma na kikapu, nikasogea.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mhuri mkononi.

"Ndani kuna nini, mzee?"

"Barua na soksi za mtoto. Moja kubwa, moja ndogo."

"Mapacha?"

"Hapana. Nyingine ni ya bibi, nyingine ya babu."

Akanitazama, akaitazama saa ya ukutani. "Basi funga, mzee wangu, mfuko unaondoka."

Nikatoa kichupa mfukoni, nikapaka gundi ukingoni mwa bahasha, nikaukunja, nikaukandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Karani akaipokea, akagonga mhuri, akaitupa kwenye mfuko uliokuwa sakafuni. Mwenzake akaufunga mdomo kwa kamba, akaubeba mgongoni, akatoka nao kwa mlango wa nyuma.