Vidole vya Shemeji

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, muuguzi wa kitengo cha elimu kwa jamii alishuka kwenye gari la hospitali mbele ya karakana ya mbao, amebeba mgongoni sanamu la mafunzo. Lilikuwa la mpira, ukubwa wa mtu mzima, kifua cha kubonyezwa, mdomo wazi kama mtu aliyetajiwa bei. Mafundi walimwita muuguzi dada, na kwa kuwa dada hakuwahi kuonekana pale na mwanamume mwingine, sanamu likawa Shemeji. Kaka yake muuguzi, fundi wa msumeno wa mashine, ndiye aliyemtania kuliko wote.

"Shemeji, leo tena umebebwa? Hata haya huna?"

Somo lilikuwa lile lile. Damu ikitoka, bonyeza, inua mkono juu. Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi, kitie kwenye mfuko, mfuko ndio uuweke kwenye barafu. Mafundi walilijua somo hilo kuliko majina ya wakwe zao. Msumeno ulikuwa na kifuniko chake cha chuma, lakini bosi alikuwa amekifungua mwaka juzi kwa sababu kinachelewesha kazi. Sasa kilikaa mezani kwake, na humo alitupia barua.

Mwezi wa tatu wa mafunzo, Shemeji akaanza kuumia kabla ya wenzake. Siku moja alikutwa na nundu kwenye paji la uso na masharubu ya fundi mpaka rangi. Kufika mchana, mpaka rangi akajigonga mlangoni, nundu ile ile, upande ule ule. Juma lililofuata Shemeji akavaa miwani ya mchemsha gundi na kuungua dole gumba, na mchemsha gundi naye akaungua. Safari moja fundi mpaka rangi aliyeonyeshwa jeraha akabaki nyumbani. Likampata aliyeshika brashi yake.

Basi Shemeji akaachwa palepale karakanani, kwenye kiti karibu na mlango, na mafundi wakawa wanamtazama kabla ya kutundika makoti. Hospitali ikaongeza safu kwenye fomu, "Watakaojeruhiwa," na muuguzi akaagizwa aje kila asubuhi kuijaza. Mkuu wa kitengo alipewa cheti.

Jumatatu moja, Shemeji alikuwa hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Vilikuwa vimekatika sawasawa, kazi ya msumeno. Kidevuni alikuwa ameota ndevu za kaka yake muuguzi, na baka lake jeupe likiwemo.

Muuguzi aliketi juu ya rundo la mbao. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha. Kwa mikono ile kaka yake alisuka nywele za mabinti zake watatu kila Jumapili, kwa kuwa mama yao hajui kusuka.

"Vinakatika mpaka wapi?" aliuliza kaka yake, akitazama mkono wa mpira.

"Mpaka kwenye kifundo cha pili."

"Haya."

Muuguzi akaingia ofisini kwa bosi.

"Rudisha kifuniko."

"Dada, kile kinakula dakika mbili kwa kila ubao."

"Na msumeno unakula vidole."

"Ajali haina kinga," alisema bosi, akachagua barua moja kutoka kwenye kifuniko. "Soma mwenyewe. Milango arobaini, mwisho Ijumaa. Wenyewe ni ninyi, hospitali."

Kweli, ilikuwa milango ya wodi mpya ya majeruhi. Muuguzi akampigia simu mkuu wa kitengo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Sisi tunaelimisha tu," alisema. "Halafu hiyo milango tunaisubiri."

Bosi hakuwa mtu katili. Alimruhusu kaka mtu arudi nyumbani apumzike. Kabla hajafika getini, ndevu za Shemeji zikadondoka na miwani ikamkaa puani. Mchemsha gundi papo hapo akashikwa na tumbo. Yakaja masharubu, na mpaka rangi akakumbuka kwamba amefiwa. Mmoja mmoja mafundi waliaga, na kila aliyeaga, Shemeji alimvua na kumvaa mwingine, mpaka karakana ikabaki na muuguzi na bosi. Hapo Shemeji akaota kitambi. Kifungo cha suruali yake kikaruka hadi chini ya meza.

Bosi alikitazama kile kitambi kwa muda mrefu. Akatazama kifuniko. Muuguzi alikuwa ameshamnyooshea spana.

Ndipo bosi akachungulia dirishani, getini, walikosimama watu wa kutafuta kibarua, akamwita wa mbele.

Alikuja mtu wa makamo, koti amelikunja kwapani. Hakuna aliyemuuliza jina. Kitambi cha Shemeji kikanywea na sura ikabadilika, mashavu yakaingia ndani.

"Usiushike huo msumeno," muuguzi alimwambia. "Utakukata vidole viwili leo hii."

Yule mtu alimtazama Shemeji, akajitambua, akaitikia kwa kichwa.

"Dada, nimesimama pale getini siku tisa," alisema, akachukua ubao.

Muuguzi alizima swichi mara mbili. Bosi aliiwasha mara tatu.

Saa sita na robo vidole vikakatika. Muuguzi alibonyeza, akainua mkono juu, akafunga vidole kwenye kitambaa safi, akavitia kwenye mfuko, mfuko juu ya barafu. Vilifika hospitali katika hali nzuri mno. Daktari wa kuviunga hakuwepo, alikuwa amealikwa kwenye semina ya usalama kazini. Ripoti ya mwezi ikaandika kwamba elimu imeifikia jamii.

Milango ikatoka Ijumaa. Bosi akatangaza utaratibu mpya: atakayejiona kwa Shemeji akae nyumbani, mtu atachukuliwa getini. Mafundi walisema bosi ni muungwana. Asubuhi zilizofuata Shemeji akawa anavaa moja kwa moja sura za wageni wa getini watupu, mmoja kwa siku, na hakuna fundi aliyejikata tena hata ukucha.

Muuguzi alikuja akajaza safu yake. Kila alipokuta uso asioujua, moyo ulirudi mahali pake, na alijichukia kwa hilo.

"Mdogo wangu," kaka yake aliita kutoka kwenye msumeno, akijifunga aproni kwa vidole vyote kumi. "Leo ni nani?"

Muuguzi aliinama akamtazama Shemeji vizuri. Ulikuwa uso wa mwanamke mwenye kovu dogo juu ya mdomo.

"Simjui," alisema.

"Afadhali," alisema kaka yake, akawasha mashine.