Kivuli Kilichofundishwa Kukaa

Jumanne, saa tisa ya mchana, Odile alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake, huko Lubunga, na kivuli chake kilikuwa kinamtangulia. Yeye akiinua mchi, kivuli kilikuwa kimekwisha kuushusha. Haikuwa tofauti kubwa, labda muda wa kupepesa jicho. Akadhani ni jua. Akasogeza kinu karibu na ukuta, akatwanga tena, na pale ukutani mkono wa kivuli ukashuka kwanza, wake ukafuata.

Solange alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto. Solange ni mke wa Papa Zacharie, na Papa Zacharie ni kaka mkubwa wa Ruphin, marehemu bwana wa Odile. Alisimama na sahani yake ya bati mkononi, akaangalia.

"Semeki, kivuli yako iko na haraka."

"Ni kazi mingi," Odile akamjibu shemeji yake.

Solange alichukua makaa yake akaenda. Asante hakusema. Ilikuwa miezi minane tangu mazishi, na kwa muda huo wote watu wa nyumba ya Papa Zacharie hawakumwambia Odile asante wala pole.

Ruphin alikuwa mtu wa reli. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Aliacha watoto wawili, nyumba ya matofali yenye mabati mapya, na parcelle nzuri, kiwanja kisichofikiwa na maji hata mto ukijaa. Jumatatu, siku moja kabla ya ile pondu, Papa Zacharie aliingia na kamba, akapima kutoka chooni mpaka barabarani, akafunga mafundo mawili kwenye kamba, akatoka bila kusalimia. Kivuli kilianza haraka yake pale.

Sasa, Odile alikuwa mchezaji wa nzango, na kwa mchezaji wa nzango jambo hili si dogo. Nzango ni mchezo wa wanawake, na ni mchezo wa miguu. Kumi na mmoja wanasimama huku, kumi na mmoja kule, uso kwa uso. Mmoja anatoka kila upande, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na wakishuka kila mmoja anatoa mguu. Timu moja inapata pointi miguu ikilingana, nyingine inapata ikipishana. Kwa hiyo kazi yote ni kuficha mguu wako mpaka ufike chini, na kusoma wa mwenzako kabla haujafika. Mwenye woga anasomwa. Bega lake linasema, jicho lake linasema. Kwa Odile, Alhamisi ile walipovuka mto kwenda kucheza na wanawake wa Tshopo, kilichosema ni kivuli.

Aliyekuwa mbele yake ni Tania, muuza samaki mwenye mapaja magumu. Tania alipoteza mara mbili, akainamisha kichwa, akaona kivuli cha Odile kinatoa mguu wa kulia, na Odile mwenyewe bado yuko hewani. Tangu hapo hakuangalia tena juu. Alimshinda mara sita mfululizo. Kapteni wa Lubunga alilalamika. Arbitre, mwamuzi wa mchezo, akafungua daftari la sheria, akasoma kurasa zote nne, akasema hakuna mahali panapokataza kuangalia chini.

Habari ilivuka mto kabla ya wachezaji wenyewe. Jioni Papa Zacharie alikuwa amekwisha kuita watu kwenye parcelle ya marehemu, na viti vimepangwa. Alimwita pia Papa Mahmoudi, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, mtu wa Maniema aliyependa amani kuliko haki.

"Mutu asiye na kosa, kivuli yake inamufuata," Papa Zacharie alisema. "Ya huyu inakimbia. Inakimbia nini? Mujiulize. Ndugu yangu alikuwa muzima, alikuwa anabeba traverse nzito ya reli yeye peke. Siku tatu, kwisha."

"Alikufa na homa, papa," Odile akasema. "Docteur aliandika."

"Docteur anaandika homa. Mwenye kutuma homa, docteur hamuandiki."

Watu walitikisa vichwa. Hakuna aliyeshangaa kwamba kivuli cha mtu kinaweza kukimbia. Swali lilikuwa kinakimbia kwa sababu gani, na kila mmoja aliona jibu ni rahisi: anayeogopa ana kitu cha kuogopa. Odile naye alilelewa na jibu hilo hilo, na usiku kitandani lilimtafuna. Siku homa ya Ruphin ilipoanza, yeye alikuwa mazoezini. Alicheza mpaka giza, akarudi akiimba, akamkuta bwana wake sakafuni kando ya kitanda, amejitapikia. Jambo hilo alimwambia mtu mmoja tu, Solange, siku walipolala pamoja kwenye mkeka wa matanga.

Papa Mahmoudi akatoa njia.

"Bon. Batu ba Tshopo banakuja huku dimanche ya pili, kwa retour ya mechi. Mama Odile atacheza. Tutaweka batu babili ba kuchunga kivuli. Ikikaa naye mpaka mwisho, anabaki mu nyumba na batoto yake, hakuna mutu atamuuliza tena. Ikimutangulia hata mara moja, afunge bitu byake. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana," Papa Zacharie akasema haraka.

Odile akakubali pia. Hakuna aliyemletea njia nyingine.

Zilibaki siku kumi. Mama Angélique, aliyefundisha timu, alikuwa mjane wa zamani mwenye goti bovu, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo. Alifika kesho yake na matofali manne, akangoja saa tisa, akayapanga kwenye kingo za kivuli cha Odile, moja kila upande.

"Sasa usimame. Mulozi wee! Mula-bwana!"

Kivuli kikaruka nje ya matofali.

"Kirudishe. Mulozi! Bwana yako anakuita huko chini!"

Kikatoka tena. Mama Angélique alimtukana mpaka sauti ikakauka, kisha wakala lituma ya ndizi na samaki, wakacheka kidogo, na kesho wakaanza upya. Siku ya nne kivuli kilikuwa hakitoki kwa matusi ya kawaida. Kwa jina la Ruphin bado kilitoka.

"Kosa yako unafukuza woga," Mama Angélique akamwambia. "Ukimufukuza anatangulia mbele, batu bote banamuona. Umupatie kazi. Mutu mwenye iko na kazi anatulia."

"Kazi gani, mama?"

"Ahesabu makofi. Asifanye kitu ingine. Umuambie: weye kaa hapa, hesabu. Miye nitaruka."

Odile alifanya hivyo. Asubuhi alisali, akapeleka watoto shuleni, na saa tisa akasimama kati ya matofali akakiambia kivuli chake kikae na kihesabu. Usipumue kwa mdomo, Mama Angélique alisema. Uangalie kitovu ya mwenzako, macho yake itakudanganya. Siku ya tisa Mama Angélique aliyaondoa matofali, akalitaja jina la Ruphin mara ishirini, na kivuli kikakaa. Odile alipoketi kupumzika, ilichukua muda kidogo kabla hakijaketi naye.

Jumapili uwanja ulijaa tangu misa. Papa Mahmoudi alichagua saa tisa ili vivuli viwe virefu na kila mtu aone vizuri. Wale wawili wa kuchunga kivuli, mmoja wao katekista, walichuchumaa kila upande wa Odile na chokaa mkononi, ya kutia alama kikitoka. Papa Zacharie alikaa mstari wa mbele. Solange hakukaa na watu wa Lubunga. Alisimama na wale wa Tshopo, nyuma ya Tania, na kitambaa cha kichwa amekifunga kiunoni.

"Leta ile mguu, mama mufiwa!" Tania alisema walipokabiliana. "Ama utaanza kunitumia kivuli?"

"Kuja tu," Odile akasema.

Wakaimba, wakaruka. Kivuli kilihesabu. Tania aliangalia chini, hakuona kitu, akapoteza. Akaangalia tena, akapoteza. Nyuma yake upande wote wa Tshopo ulikuwa unazomea, na watu wa Lubunga, ambao hawakuwa wamemsalimia Odile tangu siku ile ya viti, walianza kumpigia makofi kwa sababu ya pointi.

Mwishoni timu zililingana, ukabaki mruko mmoja, wa Odile na Tania. Hapo ndipo Solange alipoitoa ile siri aliyokuwa ameitunza.

"Ruphin alilala chini, anajitapikia!" aliimba, na sauti yake ilikuwa nzuri. "Bibi yake anacheza! Alikuita, Odile! Alikuita mara ngapi?"

Odile alisikia kila neno. Ukingo wa kivuli ukatikisika kama nguo kwenye kamba, na katekista akainua chokaa. Odile akavuta pumzi kwa pua. Kaa hapa, alikiambia, hesabu. Makofi moja, mbili, tatu. Akaruka. Alishuka na mguu wa kushoto, kivuli kikashuka naye, wala si mbele wala si nyuma, na mguu wa Tania ulikuwa umekwenda kwingine.

Kupishana kulikuwa kwa Lubunga, na arbitre akatoa pointi. Katekista akasema kwa sauti kwamba kivuli hakikutoka. Mwenzake akasema hivyo hivyo. Watu walimbeba Odile mabegani, na kivuli kikavuka uwanja chini yao bila kosa.

Papa Zacharie alingoja wamshushe. Hakupiga kelele.

"Mumeona," alisema. "Mumesikia. Bamemutaja bwana yake, vile alilala chini, vile alikuwa anamuita. Huyu mwanamuke hakushituka. Hata chozi. Weye Mama Angélique, wangekuimbia bwana yako vile, ungeweza kuruka?"

Mama Angélique akafungua mdomo, akakumbuka bwana wake, akachelewa kujibu.

"Ndiyo ile," Papa Zacharie akasema. "Moyo ya baridi vile ni ya mutu mwenye alishamalizaga kazi yake."

Mwanamke mmoja kati ya waliombeba Odile akajipangusa mabega. Mwingine akasema ni kweli, yeye asingeweza. Makofi yalikuwa yamekwisha. Wote wakamgeukia Papa Mahmoudi, naye akaangalia kofia yake.

"Kivuli imekaa," alisema. "Hatukatai."

"Mulisema ikikaa, ninabaki," Odile akasema.

"Tulisema, mama. Lakini hatukujua itakaa hivi."

Jumatano Odile alifunga sufuria, magodoro mawili na madaftari ya watoto. Alikuwa anarudi kwa mama yake, upande wa Yanonge, na pirogue ilikuwa inamngoja mtoni. Alipofika barabarani mtoto wake wa kike akamwambia kivuli hakijatoka. Kilikuwa bado uani, kimesimama pale walipofanyia mazoezi. Odile akakiita. Hakikusogea. Akarudi akakiomba, akakikemea, akakitajia Ruphin, na watoto wakasaidia kuita. Kilikuwa kimefundishwa kutosikia. Mwenye pirogue akatuma mtu kusema maji hayangoji, na Odile akaenda hivyo, jua likimpiga na chini yake hakuna kitu.

Solange alihamia nyumba ile mwisho wa juma. Alikuta mahali pale uani kiliposimama kivuli pana ubaridi, asubuhi na mchana, mvua isiponyesha, basi akatandika mkeka wake hapo, na mtungi wa maji ya kunywa akauweka karibu. Jirani mmoja alipouliza kama si vizuri kumpelekea mwenyewe kivuli chake, Papa Zacharie alimjibu bila kuinuka kwamba alipima parcelle kwa kamba kutoka chooni mpaka barabarani, na kivuli kiko ndani.