Kilo za Majirani

Jumatatu saa mbili asubuhi Orpa, mshona nguo kutoka Fizi, Kongo, alikuwa wa sita kwenye foleni ya kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Wenzake walimwachia benchi zima. Kwenye fomu, mbele ya neno "sababu", aliandika "matibabu". Karani akamtazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akagonga muhuri bila kuuliza matibabu gani.

Kliniki moja ya Area 18, mjini Lilongwe, ilikuwa ikiwangoja wapasuaji wa kigeni waje kwa wiki mbili kupunguza matumbo ya wagonjwa wachache bila malipo. Orpa alichaguliwa kwa ajili ya magoti, presha, na moyo uliomwenda mbio akipanda ngazi tatu za kanisa. Alikuwa na kilo mia na sitini na mbili. Kabla ya kisu kulikuwa na vipimo: sukari, moyo, mapafu, kamera ya kushushwa kooni, mazungumzo na mtaalamu wa akili. Tena ilimbidi kwanza apungue kilo kumi. Mtaalamu wa lishe alimpa karatasi: samaki wa kuchoma, mtindi, mboga mbichi, tufaha moja saa nne. Fabien, mtu wa Bukavu aliyekuwa mkalimani pale, alimsomea mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Mama Orpa, umesikia?"

"Nimesikia. Na huyo samaki atatoka wapi?"

Fabien akatafsiri swali. Mtaalamu wa lishe akaandika tarehe ya kurudi.

Mwezi huo mgao wa chakula kambini ulikatwa nusu. Orpa alikula nsima, ugali wa huko, kiasi cha ngumi ya mtoto, mara moja kwa siku, akashushia maji. Aliporudi Area 18 alikuwa na kilo mia na sabini na moja.

Mtaalamu wa akili alifunga mlango, akamuuliza kama anakula kwa kujificha, kama ana biskuti chini ya kitanda, kama anajipenda.

"Kukula ku mafichoni inaomba kwanza uwe na chakula," Orpa alisema. "Mi niko nafunga kuliko pasta wetu, na we unaniuliza biskuti?"

Fabien alitafsiri yote, pamoja na hasira. Mtaalamu akaandika kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano.

Kisha wakampeleka kupigwa picha ya tumbo, ini lionekane. Mpiga picha alipitisha kifaa mara mbili, akaongeza mafuta ya baridi, akamwomba Fabien amsaidie tahajia. Minofu ya Orpa ilikuwa na majina. Fabien akayasoma mojamoja: Télesphore, kilo kumi na moja, upande wa kushoto wa mgongo. Olga, kilo tisa. Minani, saba na nusu. Bénie, kilo mbili na gramu mia, chini ya mbavu. Majina yalikuwa ishirini na moja, yote ya watu wa safu moja ya nyumba, majirani zake Orpa. Bénie alikuwa binti wa Olga, mwenye miaka minne.

Daktari mkuu aliitazama picha, akatoa na kujumlisha.

"Wewe mwenyewe, mama, una kilo hamsini na nane," alisema. "Ni uzito mzuri sana."

Akaeleza kwamba kliniki hairuhusiwi kukata mali ya mtu asiyetoa ridhaa, akamkabidhi fomu ishirini na moja.

Jumatano baada ya maombi Orpa aliwaonyesha majirani ile picha kanisani. Waliokuwa wakinong'ona kwamba anakula sadaka za kanisa waliinamisha macho. Muzee Télesphore aliisogeza karibu na dirisha.

"Njo maana suruali inanianguka," alisema. "Nilizani ni buzee tu. Na wakishatoa hizi kilo, banazipeleka wapi?"

"Banazichoma," Orpa alisema.

Olga alikuwa amempakata Bénie. "Hapana. Ya mutoto basiguse. Wakiichoma, atarudishiwa nini?"

Hapakuwa na aliyesaini siku hiyo. Walikubaliana kwanza waipeleke picha kwenye ofisi ya chakula, kwa maana ushahidi ulikuwa mkononi: kila mtu na kiasi alichopoteza. Bwana wa ofisi aliwapokea vizuri, akagonga muhuri kwenye picha, akawaambia wasubiri siku tisa. Siku ya tisa akawasomea jibu. Jumla ya kilo za safu ile haikuwa imepungua hata moja. Zilikuwa zimehama tu. Kwa hiyo hapakuwa na njaa, na mgao ungebaki ulivyo.

"Bwana, mi siko stoo yenu!" Orpa alisema.

Bwana yule alisema anamwelewa kabisa. Ripoti ilikuwa imekwisha kutumwa.

Wiki iliyofuata Muzee Télesphore alifariki. Jeneza lake lilibebwa na watu wawili, kila mmoja kwa mkono mmoja. Pasta Ezechiel alimwomba Orpa asimame ukingoni mwa kaburi, ili marehemu aagwe akiwa mzima, na Orpa akasimama juu ya magoti yale saa mbili nzima.

Walipotoka makaburini Olga alimletea fomu zote ishirini na moja, zimesainiwa. Mwenyewe ndiye aliyezipitisha nyumba kwa nyumba. Ya Bénie ilikuwa juu.

"Ya muzee pasta amesaini. Enda, dada," Olga alisema. "Moyo wako utasimama, na batoto bako beko badogo."

Orpa alilitazama jina la mtoto, lililoandikwa kwa mkono wa mama yake, herufi moja imepasua karatasi. Akaichana fomu ile vipande vinne, akaenda Lilongwe na ishirini. Pale mapokezi walizihesabu, wakasema jalada halijakamilika. Nafasi yake wakampa mama mmoja wa Likuni.

Tangu hapo ofisi ya chakula haiwapimi tena watu wa safu ile. Humpima Orpa peke yake, kwa niaba ya wote, kwa kuwa ni haraka zaidi. Mwezi uliopita alifika mia na themanini na tatu. Bwana yule akaandika "hali inaridhisha", akamwambia anaweza kushuka kwenye mizani.

"Andika na majina," Orpa alisema.

"Fomu ina mstari mmoja tu, mama."

Hakushuka. Akaanza kuyataja, kila jina na kilo zake, taratibu, kama anayemsubiri mwandishi amalize neno. Alipofika kwa Bénie zilikuwa zimekuwa kilo tatu. Bwana yule aliifunga kalamu yake, akasimama kwa adabu, akangoja mpaka Orpa alipomaliza.