Mvua ya Papa Ghislain

Mimi ni Emilienne, mutumishi wa Mungu, muuza chisense, mutu wa hasira. Ninayasema yote matatu mara moja ili kesho usiseme nilikuficha kitu.

Kanisa letu la Lubumbashi lilinituma hapa Kashikishi, kando ya ziwa, ngambo ya Zambia, kwa mwaka mumoja, nisaidiane na Papa Ghislain kuhubiri. Yeye ndiye mukubwa wa misioni. Ametoka Kamina, kule ndani kwenye mashamba ya mahindi, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona mbele ya kufika hapa yalikuwa ndani ya pipa. Mimi nilizaliwa Kilwa, kando ya ziwa hili hili upande wa Kongo, na Kibemba ninakijua tangu utoto. Basi yeye anahubiri kwa Kiswahili, mimi ninageuza kwa Kibemba. Mushahara hakuna. Walituambia mushahara uko mbinguni, na mbinguni hawauzi unga. Kwa hiyo ninanunua chisense, zile samaki ndogo kuliko kidole cha mutoto, ninazianika kwenye muchanga, ninaziuza, na ndizo zinanilisha.

Biro ya Lubumbashi, ofisi kubwa ya kanisa, haitumi kitu, lakini kuomba inajua. Inaomba kaye, daftari ya miujiza. Kila mwezi Papa Ghislain anapiga picha ya ukurasa, anaituma kwa WhatsApp, na ukurasa ukiwa mutupu simu yake inalia mupaka anaizima. Ukurasa una sehemu tatu: muujiza, jina la mutu aliyeponywa, na alikuwa anaumwa nini. Mimi ndiye ninayeshika kaye hiyo.

Mwanzoni niliandika kwa moyo wote. Niliandika siku ile muchuuzi mumoja wa Kilwa alimwambia muteja wake, "Mizani yangu inakudanganya, mama, ongeza viganja viwili." Niliandika siku motere ya mutumbwi wa muvuvi Valère iliwaka kwa kuvutwa mara moja, mwenyewe akashituka akaanguka ndani ya nyavu. Niliandika siku Mama Stéphanie alirudisha ndoo aliyoazima kwangu, bila kuulizwa, na mufuniko wake juu. Mutu anayekaa Kashikishi anajua uzito wa jambo hilo.

Papa Ghislain alisoma, akavua miwani.

"Mama Emilienne, hii haiko muujiza. Hii iko ndoo."

"Na mufuniko, Papa."

"Biro inataka bipofu baone. Inataka bilema batembee."

"Basi Papa unipatie kipofu mumoja, nitamuandika."

Hakunipatia. Katika miujiza yangu yote alikubali mumoja tu, na huo nitaueleza ingawa ninaona haya.

Nina jirani, jina lake Dorica, Mubemba wa hapa hapa, mwanamuke mwenye sauti ya kuita mitumbwi bila simu. Hakuwa mutu wa kanisa letu, wala wa kanisa lingine ninalolijua. Hapa kando ya ziwa, kiwanja cha kuanikia ni cha yule aliyekifagia wa kwanza siku serikali inapofungua uvuvi, mwezi wa tatu. Siku ile nilifika jua halijatoka, nikafagia. Dorica akafika na ufagio wake, akasema alikwisha kuchomeka kijiti pale tangu jana. Nikamwambia kijiti hakifagii. Akaniambia nirudi kwetu nikafagie ziwa. Watu wakatuamulia, tukapanga musitari wa mawe katikati: yeye upande wa juu, mimi upande wa chini karibu na maji. Kuanzia pale hatukusalimiana. Miezi minane, na huku watu wanasalimia hata mwizi anayepitishwa amefungwa kamba.

Mwezi wa nane, Dorica akiwa sokoni, bata wa watu waliingia kwenye kiwanja chake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo yangu, hatua kumi tu. Ningepiga mikono mara moja wangekimbia. Sikupiga. Nilitazama bata wale wakila chisense zake mupaka shingo zikavimba, na nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi kama mutu anayekula yeye mwenyewe. Jioni niliandika kwenye kaye: Mungu amemupigania mutumishi wake kwa jeshi la bata.

Papa Ghislain alisoma, uso ukamungaa. "Voilà," akasema. "Hii inafanana na Agano la Kale." Biro ilijibu kwa Amina saba.

Sasa tuje kwenye mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Tarehe moja ya mwezi wa kumi na mbili ziwa linafungwa, na kwa miezi mitatu hakuna wavu unaogusa maji. Kila mutu anaanika alichopata, anajaza mufuko, na mufuko ule ndio unamuvusha mupaka mwezi wa tatu. Jumapili ile nilikuwa na chisense za mufuko mumoja mukubwa, zote zimetandazwa chini, zimebakiza jua la siku moja. Hizo zikioza, mimi nimekwisha. Ningepanda mutumbwi, nirudi Kilwa kwa dada yangu, na misioni yangu iishie pale, mutumishi aliyefukuzwa na njaa. Na dada yangu ni mutu wa kucheka.

Juma lile Papa Ghislain alikuwa ametoka Mwansabombwe. Kule wakulima walikuwa wanalia, mvua imechelewa, mbegu zinakaa ndani ya nyumba. Aliomba mvua pamoja nao, watu wakapiga magoti ndani ya vumbi, naye akarudi kwetu na moto. Mutu wa Kamina, kwake mvua ni baraka popote inaponyesha. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapa mwanamuke akiona wingu anatukana kwanza, ndipo anatafuta bashi, turubai ya kufunika samaki.

Kanisani tulikuwa watu arobaini, na thelathini kati yao walikuwa wanawake wenye chisense nje. Spika yetu iko juu ya paa, inasikika mupaka kwenye maji. Papa Ghislain akainua mikono.

"Baba, utume mvula. Leo. Mvula mukubwa, ya kujaza mito."

Neno lile kwa Kibemba halina tofauti kubwa, kila mutu alilisikia. Mama Idah, mumoja wa wanawake wale, alinitazama, kisha akatazama mulango.

"Geuza, mama," Papa Ghislain alininongoneza.

Nilifikiri kiapo changu cha kugeuza bila kubadilisha neno. Nilifikiri mufuko wangu. Kisha nikafumba macho, nikasema kwa Kibemba, kwa sauti yote niliyopewa: "Lesa Mungu wetu, utupe jua. Leo. Jua kali, la kukausha kila kitu kilicholala chini."

Amina ya namna ile Kashikishi haikuwa imesikiwa. Wanawake walisimama wote. Mama Idah, mwenye goti baya, aliruka. Papa Ghislain akafungua jicho moja, akaona imani ile, machozi yakamutoka.

"Mvula, Baba."

"Jua, Lesa."

"Ikuye sasa hivi."

"Lisiondoke mupaka jioni."

Tuliendelea hivyo kwa muda murefu, kila mutu na furaha yake, wengine wakicheka ndani ya vitambaa. Nilijiambia kwamba nikifa nitaulizwa juu ya jambo hili, lakini kufa ni siku ingine.

Kisha ngurumo ikapiga juu ya ziwa, upande wa Kisiwa cha Chisenga.

Amina zikakatika. Ya pili ilipopiga, wanawake walitoka kwa mulango na kwa madirisha, wazee kwa vijana, Mama Idah akiwa wa tatu. Nami nilikuwa nimekwisha kuinua mguu, ndipo Papa Ghislain akanishika mukono. "Mama Emilienne, shahidi. Andika saa." Nami, mujinga, nikaandika saa. Nikaandika tarehe. Nilipotoka nje mvua ilikuwa inapiga mabati kama mutu anayedai deni mulangoni, na nyuma yangu nilimusikia kwenye spika, peke yake, akiambia viti: "Munaona? Munaona?"

Kiwanja changu ni cha mwisho kabisa, chini. Nilikimbia, kitambaa kikaanguka, sikukiokota. Nilipofika, upande wangu ulikuwa mutupu. Hakuna hata samaki mumoja, ni muchanga na maji yanayotembea. Wazo langu la kwanza sitalificha: Dorica ameniibia.

Kisha nikaona bashi ya buluu. Ni bashi ya Dorica, watu wote wanaijua, anaitandika hata juu ya kitanda. Ilikuwa imetandikwa juu ya rundo kubwa, pale pa juu maji yasipofika, na pembeni imegandamizwa kwa mawe. Yalikuwa mawe ya musitari wetu. Aliyangoa yote. Niliinua pembe moja: chisense zangu, kavu.

Yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti upande wake, analowa, anakusanya samaki zake kwa mikono ndani ya beseni, na zilikuwa zimekuwa kama uji. Nilipiga magoti karibu naye nikaanza kukusanya. Hakunikataza.

"Ulijua namna gani kama mvua inakuja?" nikamuuliza. Ni maneno yangu ya kwanza kwake tangu mwezi wa tatu.

"Spika yenu. Nilisikia mwanaume anaomba mvua na mwanamuke anaomba jua. Nikasema, Mungu naye ni mwanaume." Akatema maji. "Nikaanza kukusanya."

"Juu ya nini ulianza na zangu?"

"Zako ziko chini. Maji yangeanza na zako."

"Na zako?"

"Bashi ni moja," alisema, kama mutu anayemuelezea mupumbavu.

Tukakusanya. Mvua ilikuwa inatupiga mugongoni. Ningenyamaza ingekuwa vizuri, lakini nikasema, "Dorica, siku ile ya bata, nilikuwa pale."

"Ninajua. Ulikaa juu ya ndoo."

"Ulijua?"

"Kashikishi yote inajua. Shika beseni vizuri, unamwaga."

Nililia, na sikulia kidogo. Aliniambia nigeuze uso upande mwingine, samaki wamekwisha kupata maji ya kutosha.

Mvua yenyewe haikudumu hata saa moja. Kule Mwansabombwe, tulisikia baadaye, halikuanguka hata tone. Kesho yake jua lilitoka kama lile nililoliomba, zangu zikamaliza kukauka, na za Dorica zikaanza kunuka. Ni bata tu waliozifurahia. Nilipima mufuko wangu kwa macho, asubuhi yote, nikiwa na hasira kwa Mungu, kwa Papa Ghislain, na zaidi kwa Dorica, aliyenifanyia wema bila kuniomba ruhusa. Kisha nikafungua mufuko, nikamwaga nusu ndani ya mufuko wake. Aliangalia, akachukua kiganja kimoja, akasema zangu zina muchanga mwingi kwa sababu sijui kufagia. Nusu itanifikisha katikati ya mwezi wa kwanza. Yeye pia. Baada ya pale tutaona.

Jioni Papa Ghislain alikuja na kaye. Kwa mukono wake mwenyewe alikuwa ameandika MVUA, na saa niliyoiandika mimi. Lakini sehemu mbili zilikuwa wazi, na tangu ule wa bata, biro haipokei tena ukurasa wenye sehemu wazi. Alitaka kuandika Mama Idah, kwa sababu aliruka. Nikamwambia Mama Idah sasa hawezi hata kutembea, ni kwa sababu aliruka.

"Andika Emilienne," nikasema.

"Wewe? Ulikuwa unaumwa nini?"

"Roho mubaya, Papa. Tangu mwezi wa tatu."

Nikachukua kaye, nikapasua ukurasa wa bata, kaye nikamurudishia. Aliutazama ukurasa ule mukononi mwangu. Yeye si mutu mubaya. Nilimueleza yote, jua, mvua, ndoo, bashi, na alisikiliza mupaka mwisho bila kuvua miwani. Aliuliza tu kama Dorica ni wa kanisa gani, nikamwambia sijui, akahema.

"Mama, biro haijui ile ugonjwa," alisema polepole.

Akaandika: malaria.

Amina zilikuja kumi na moja. Siku ya tatu wakaomba picha ya mugonjwa aliyepona, asimame nje, uso uonekane. Dorica ndiye aliyenipiga picha, pale kwenye kiwanja, ambapo mawe hatujayarudisha mupaka leo. Aliniambia nifunge kinywa, mutu aliyetoka kwenye malaria juzi hacheki namna hiyo.