Mfuko wa Kulia

Mwaka mzima nilisomea ushonaji kwenye simu ya mama, nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi jikoni, nikikata na kushona kwa cherehani ya shangazi. Kwenye skrini ya darasa nilikuwa kisanduku cheusi kilichoandikwa "Simu ya Mama". Kamera sikuwasha, inakula bando. Kuna siku nilisinzia na bado nikahesabiwa kuwa nipo.

Mtihani wa vitendo tulifanyia chuoni: shati la kiume. Mama mmoja mwenye karakana ya sare alishaniahidi kazi nikifaulu, kwa hiyo nilishona bila papara. Kola ilikaa, mishono ikanyooka. Niliridhika kabisa.

Msimamizi alilivaa juu ya nguo zake, akataka kuchomeka kalamu. Mkono ukapapasa kifua cha kushoto, patupu. Mfuko ulikuwa kulia, na vifungo vimekaa kushoto, kama vya blauzi.

"Binti, shati hili la kaka au la dada?"

Kwetu tunaishi wanawake watupu, nani ningemkagua kifua? Akapita meza nyingine, akakuta mashati kama langu. Wenye kaka nyumbani ndio waliopona.

Mwalimu wetu akaitwa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mzimamzima. Kumbe ni mfupi. Alishika mkasi kwa mkono wa kulia. Mwaka mzima nilimwona akikata kwa kushoto. Kamera ya simu yake ilikuwa inageuza picha kama kioo, nasi tukaiga kilichoonekana. Alitazama mashati, kisha mkasi, akaelewa.

Nilifeli. Nilingoja machozi, hayakuja. Nilikuwa nimekufa ganzi, nasikia tu feni ikizunguka.

"Wewe ndiye nani?" mwalimu akaniuliza.

"Simu ya Mama."

"Aa. Wewe hukukosa hata kipindi kimoja." Akalishika shati langu. "Sasa mwanangu, mbona hukuuliza? Kitu kidogo hivi."

"Niliuliza, mwalimu. Kila tulipofika kwenye mfuko niliuliza. Ila tangu kuku wa watu walipovuruga kipindi kwa kelele, ulikuwa umetuzima sauti sote."

Akasema samahani. Nikamwambia haina neno, nikalikunja shati, nikaenda kumwambia yule mama wa karakana asiningoje.