Shemeji wa Nani

Chereko hakuwa mtu mbaya, na hilo tuliseme mapema, maana kabla hatujamaliza utatamani kumzaba kofi. Kazi yake ilikuwa kutangaza treni. Alikaa kwenye kibanda cha kioo juu ya ukumbi wa abiria, ngazi ya chuma nyuma, kipaza sauti mbele, na kiti kilichochanika mpaka sponji inachungulia. Treni ikiingia, anatangaza. Treni ikichelewa, anachekesha. Na kwa kuwa treni za stesheni ile zilichelewa zaidi ya kuwahi, Chereko alichekesha zaidi ya kutangaza. Watu walimpenda, jamani. Mtu amekaa kanuna, mizigo imemzunguka, mara anasikia sauti kutoka juu ikimuuliza yule bwana mwenye masanduku mengi kama anasafiri au anamtoroka mkewe. Ukumbi unaangua kicheko, na bwana mwenyewe anacheka. Kulikuwa na muuza soksi mmoja, mtu wa maneno naye, aliyezunguka humo na bidhaa zake mabegani akirudia kila utani wa Chereko kwa wale waliokuwa wamesinzia.

Siku hiyo mkewe alikuwa na safari. Mtoto wao wa kwanza alikuwa mchanga bado, shingo ndiyo kwanza imekaza, na baba yake Chereko, ambaye miguu ilikuwa imegoma kusafiri, alikuwa ameshatuma salamu mpaka salamu zikaanza kufanana na matusi: mjukuu wangu nitamwona lini, mpaka nife? Ikaamuliwa mkewe atangulie na mtoto kwa treni ya alasiri. Asubuhi, Chereko akiwa anafunga viatu, mkewe akatoa la moyoni. Alisema treni zenu zinachelewa na mtoto hajui kusubiri, sasa akililia ziwa pale ukumbini atamnyonyeshea wapi? Chereko akacheka. Akamwambia pale ni nyumbani, akae popote, anyonyeshe mpaka mtoto acheue, nani atamwambia nini. Mkewe akamwamini, akarudi kukunja nepi zake kwa amani.

Haya. Chereko akaenda kazini. Treni ya asubuhi nayo, kama kawaida yake, ikaharibika njiani. Watu wakajaa, wakaanza kununa, wengine wakaanza kugonga dirisha la tiketi. Mkuu wa stesheni akapiga simu kibandani, akataka watu watulizwe. Chereko akatupa macho ukumbini kutafuta la kuchekesha. Mwenye mwavuli ndani ya nyumba alishamtania wiki iliyopita. Macho yakaenda mpaka benchi la nyuma, karibu na nguzo, ambapo mama mmoja alikuwa amekaa peke yake, begi miguuni, ananyonyesha. Alikuwa amepandisha blauzi upande mmoja, kidogo tu, na mtoto amefumba macho, anavuta kwa raha zake. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Hilo nalo tuliseme: mpaka wakati ule, hakuna aliyekuwa na shida naye.

Chereko akabonyeza swichi.

"Abiria mnatangaziwa kwamba kantini ya benchi la nyuma imeshafunguliwa. Maziwa yapo, tena ya moto. Wenye njaa wapange foleni nyuma ya huyo mdogo."

Wee, ukumbi ulilipuka. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Muuza soksi akajishika tumbo, akaenda kusimama kando ya benchi lile kujifanya anapanga foleni, na wengine wakajipanga nyuma yake. Yule mama hakuelewa mara moja. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akajua ni yeye. Akashusha blauzi kwa haraka mpaka mtoto akabaki mdomo wazi, akaanza kulia. Akakumbatia mtoto na begi pamoja, akapita katikati ya vicheko kichwa chini, akapotelea kwenye mlango wa vyoo vya wanawake. Simu ya mkuu wa stesheni ikaita tena kumwambia Chereko safi sana.

Treni ikaja, ikatangazwa, ikaondoka. Ukumbi ukawa mweupe. Ndipo mfagiaji, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alipopanda ngazi ya chuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya magoti yake. Akasimama mlangoni anahema. Akasema yule mama wa kantini, na alimwita hivyo makusudi, yuko chooni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyonyesha huku harufu ya dawa ya choo inamuumiza macho. Treni imemwacha. Kule ndani bomba linavuja kwa kelele, tangazo halikusikika.

"Na hata lingesikika," Shangazi alisema, "ungekuwa wewe ungetoka?"

Chereko alitafuta mzaha wa kujibu, mzaha haukuja. Aliona haya. Lakini unadhani alishuka? Hakushuka, mwoga yule. Alimwomba Shangazi ampelekee yule mama chai, na chai ikarudi vilevile, imepoa. Akajiambia atashuka baadaye kidogo. Baadaye kidogo yule mama akatoka chooni, akarudi kwenye benchi lilelile kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda mpaka treni ya alasiri. Chereko akawa anatangaza treni za mizigo kwa sauti ya chini, amejikunyata nyuma ya kioo kisichoficha kitu.

Mkewe alipofika, ukumbi ulikuwa umeshajaa tena. Alipunga mkono kuelekea kibandani, akatafuta pa kukaa, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa kando ya yule mama. Mwenye mtoto na mwenye mtoto hawakai kimya. Kwanza walionyeshana watoto. Kisha yule mama akaanza kueleza kitu, mkono ukaonyesha vyooni, ukaonyesha reli, mwisho ukanyooka juu kuelekea kwenye kioo. Chereko, mtu anayesikika stesheni nzima, hakusikia hata neno. Aliona tu uso wa mkewe ukigeuka polepole kumtafuta, na ulipompata, mkono haukupungwa tena.

Hapo ndipo aliposhuka. Akasimama mbele ya benchi, akainama, akamnong'oneza yule mama kwamba amemkosea, ulikuwa utani tu, hakukusudia, amsamehe. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kunidhalilisha ulinidhalilisha kwenye kipaza," alisema. "Radhi unaniomba sikioni."

Mkewe hakumtetea wala hakumgombeza. Mtoto wao alikuwa ameanza kuhangaika, anageuza kichwa kifuani akitafuta.

"Panda ukaseme, baba mtoto," alimwambia.

Akapanda. Njiani alitunga maneno, akayafuta, akayatunga upya. Alipofika juu kilio cha mwanawe kilikuwa kimejaa ukumbi, na mkewe alikuwa ameshafungua vifungo. Mtoto akanyamaza ghafla, kimya kile ambacho kila mzazi anakijua. Sasa muuza soksi alikuwa palepale. Aliona ziwa, akaona mtoto, akatazama juu kibandani kumpa mwalimu wake nafasi. Alipoona mwalimu anachelewa, akaamua kumsaidia.

"Kantini imefunguliwa tena," alipaza sauti. "Foleni, jamani, foleni."

Watu wakacheka. Kicheko kilekile cha asubuhi, ila safari hii Chereko alikisikia kutoka upande wa pili, na alimwona mkewe akijikunja juu ya mtoto kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakumbuki kubonyeza swichi.

"Huyo ni mke wangu!"

Kicheko kikakatika. Muuza soksi akajiziba mdomo, soksi zikamponyoka.

"Ah, samahani bosi, sikujua ni wako." Akamgeukia mwanamke, mikono kifuani. "Shemeji, nisamehe, shemeji. Nyonyesha tu, nani kakukataza?"

Na walewale waliokuwa wakicheka wakadakia: pole shemeji, endelea shemeji, mtoto ashibe shemeji. Mmoja akasogea kumwachia nafasi, mwingine akampepea mtoto kwa gazeti. Kufumba na kufumbua, mke wa Chereko amekuwa shemeji wa ukumbi mzima.

Chereko akashusha pumzi. Nusura atabasamu, mpumbavu yule. Kisha akaona mkewe ameinua kichwa. Hakufunga kifungo hata kimoja. Alimwangalia muuza soksi, akawaangalia wote, akaweka mkono begani kwa yule mama aliyekaa naye.

"Na huyu?" aliuliza, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hata kibandani alisikika. "Huyu ni shemeji wa nani?"

Muuza soksi akainama kuokota soksi zake, akawa anaziokota mojamoja. Watu walitazama tiketi zao, wakatazama viatu vyao, kisha, kwa kuwa ndivyo alivyowazoesha, wakatazama juu kwenye kioo kusubiri waambiwe la kufanya. Yule mama naye akatazama juu. Ndipo Chereko alipoelewa kwamba ameharibu mara mbili. Asubuhi alimwaibisha mama wa watu, na sasa hivi amewaambia wote kwamba kosa la yule mama lilikuwa kutokuwa na mume kibandani. Uso ulimwaka moto. Maneno aliyotunga ngazini yote yalikuwa yamemtoka.

"Si shemeji wa mtu humu," alisema kwenye kipaza, na sauti yake hakuitambua. "Ni abiria. Alikuwa anamnyonyesha mwanawe, hakumkosea mtu. Nilianza mimi kumcheka, nyinyi mkanifuata, na treni ikamwacha kwa sababu yangu. Mama, nakuomba radhi. Na anayetaka kunyonyesha humu..." Akakwama. "Anyonyeshe. Hata kama hatumjui."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama hakutabasamu wala hakutikisa kichwa. Alimtazama mtoto wake aliyekuwa anajinyonganyonga mapajani, akapandisha blauzi upande mmoja, akamweka. Macho yake hayakumwacha muuza soksi mpaka muuza soksi alipogeuka kutazama reli.

Treni ilipoingia Chereko aliitangaza kama treni inavyotangazwa, bila kuongeza neno. Watu wakainuka. Mkewe akabeba begi lake na la yule mama, wakapita pamoja chini ya kibanda, watoto wote wawili bado wako kifuani wananyonya, na umati ukawapisha. Chereko akabandika kiganja kwenye kioo. Mkewe aliinua uso, akamwona, akaendelea kutembea.