Kitufe cha "Si Mimi"

Nina wivu, na sitajitetea. Tangu kampuni ya mbegu na maua anakofanya kazi mume wangu ilipomwajiri Marit Solheim, nimekula chakula cha jioni na mwanamke huyo kila siku bila yeye kuwapo mezani.

"Marit kagundua tundu jingine leo," Dale husema huku akijipakulia kuku. "Anasema mfumo wetu ulikuwa nyumba isiyo na mlango." Marit hivi, Marit vile. Dale ameandika programu za duka lile la mtandaoni tangu tuhamie mji huu wa Eugene, na sijawahi kumwona akizungumzia kazi huku macho yakimng'aa namna ile. Macho yale nayajua. Zamani yalikuwa yangu.

Chanzo ni sheria ya faragha ya jimbo letu. Mteja ana haki ya kuiambia kampuni: nipeni nakala ya kila mnachojua kunihusu. Alinunua nini, lini, na maua alimpelekea nani. Kampuni ikimpa taarifa hizo mtu asiye mwenyewe, imejitia matatani. Ndiyo maana akaletwa Marit kukaza ulinzi.

"Hata mke hapewi za mumewe?" nilimuuliza Dale siku moja.

"Hapewi. Taarifa ni za mwenyewe."

Wiki iliyopita nikakuta karatasi ya kijani ya kampuni, ile ya kufungia maua, chini ya kiti cha gari lake. Maua yenyewe sikuyaona. Na siku chache kabla alikuwa ametaja, hivi hivi tu, kwamba Marit anapenda maua ya dalia. Roho iliniuma hadi nikashindwa kumuuliza. Ukiuliza utajibiwa chochote. Mimi nilitaka kuona.

Basi jana jioni, Dale akiwa nje anatoa mapipa ya taka, nilifungua kompyuta yangu jikoni, nikaingia kwenye tovuti ya kampuni na kuomba taarifa zote za Dale Hotchkiss, nikijifanya yeye. Jina, baruapepe, tarehe ya kuzaliwa. Zamani alikuwa akilalamika kwamba hivyo tu vilitosha. Kwamba Marit amebadilisha utaratibu huo, nadhani alinieleza pia, ila mimi jina lile likitajwa masikio yangu huziba.

Aliingia ameshika simu, anacheka.

"Verna, hutaamini. Kuna mtu anajifanya mimi. Ona: 'Je, ni wewe umeomba taarifa zako?' Nibonyeze 'Ndiyo, ni mimi' au 'Si mimi'. Kufuli la Marit limenasa mwizi wa kwanza, na mwizi mwenyewe kanichagua mimi."

"Bonyeza basi, chakula kinapoa."

"Ngoja nimpigie kwanza."

Angempigia nani mwingine? Akaweka simu mezani, sauti nje, nami nikaanza kupanga uma ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Subiri niangalie," Marit alisema. Ana sauti nzuri, kwa bahati mbaya. Tukasikia akigongagonga kompyuta. "Dale, ombi limetoka kwenye intaneti ya nyumbani kwako."

Dale akaitazama kompyuta yangu, halafu akanitazama mimi.

"Habari za jioni, Verna," Marit alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Dale akakata simu. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Maua. Nataka kujua yalikwenda kwa nani."

"Maua gani?"

"Karatasi yake iko chini ya kiti cha gari lako. Bonyeza 'Ndiyo', Dale. Tusome pamoja, kama hamna kitu nikuombe radhi, yaishe."

Akaitazama simu muda mrefu, kidole kikiwa juu ya kioo. Wakati ule nilikuwa tayari kumwamini kwa jambo dogo kabisa.

"Marit anasema mtu asikubali kamwe ombi ambalo hakulituma," alisema.

"Marit hayupo hapa. Anayekuomba ni mkeo."

Akabonyeza "Si mimi".

Simu ikalia papo hapo. Niliinama nikasoma kabla hajaigeuza: "Asante, Dale. Taarifa zako ziko salama." Ni maneno ya mashine, najua, kila mteja hupewa hayo hayo. Lakini najua pia ni nani aliyeyaandika, na Dale alipoyasoma, alitabasamu.